C. V. Raman: Karani wa fedha aliyeutafuta siri ya rangi ya bahari

Kila ifikapo tarehe 28 Februari, India huadhimisha Siku ya Taifa ya Sayansi. Shule hufungua maabara zao kwa wazazi, vyuo vikuu huandaa mihadhara ya hadhara, na wanafunzi huonesha vifaa walivyounda kwa mikono yao. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa sababu ya kuzaliwa wala kufariki kwa mtu fulani. Ilichaguliwa kwa sababu ya jambo lililoonekana katika chumba kimoja mjini Calcutta mwaka 1928, pale Chandrasekhara Venkata Raman alipothibitisha kwamba mwanga ukipita ndani ya kimiminika, sehemu ndogo sana yake hutoka ikiwa na rangi nyingine.

Ugunduzi huo ulimpatia Raman Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1930, akawa mtu wa kwanza kutoka bara la Asia kutunukiwa tuzo hiyo katika sayansi. Wakati huo India ilikuwa bado koloni la Uingereza, na wengi waliamini kwamba Mhindi anayetaka kuwa mwanasayansi wa kweli hana budi kwanza kupitia Cambridge au London. Raman hakupitia huko. Kazi iliyompa tuzo aliifanya nyumbani, kwa vifaa vya bei ndogo, pamoja na wanafunzi waliozaliwa katika nchi ileile.

Mwana wa mwalimu

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 karibu na mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa India, akiwa mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake, Chandrasekhara Iyer, alikuwa mwalimu ambaye baadaye alifundisha hisabati na fizikia katika chuo cha mji wa Visakhapatnam. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri, lakini ilikuwa na vitabu vya sayansi na ala za muziki, kwani baba alipenda kupiga fidla. Mambo hayo mawili, sayansi na sauti za nyuzi, hayakumtoka Raman maisha yake yote.

Alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Aliingia Chuo cha Presidency mjini Madras angali mvulana mdogo, akapata shahada ya kwanza mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 15, na kushika nafasi ya kwanza pamoja na medali ya dhahabu ya fizikia. Walimu wake walimwachia uhuru mkubwa wa kutumia maabara. Mwaka 1906, akiwa bado mwanafunzi na pasipo mtu wa kumwongoza katika utafiti, makala yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida moja mashuhuri la sayansi nchini Uingereza. Ilihusu namna mwanga unavyopinda unapopita katika tundu la mstatili.

Kwa kijana wa aina hiyo, njia ya kawaida ilikuwa kusafiri kwenda Uingereza. Lakini daktari wa serikali aliyempima alisema mwili wake ni dhaifu mno na hautahimili baridi ya huko. Nchini India kwenyewe, ajira ya utafiti wa sayansi karibu haikuwepo. Hivyo alifanya mtihani wa kuingia Idara ya Fedha ya serikali ya kikoloni na kuwa wa kwanza. Mwaka 1907, mwaka uleule aliomwoa Lokasundari, alianza kazi mjini Calcutta akiwa msaidizi wa mhasibu mkuu. Hakuwa hata ametimiza miaka 19.

Kazi ya mchana, kazi ya usiku

Wengi waliopata cheo kama hicho waliridhika nacho: mshahara ulikuwa mnono, heshima ilikuwapo na uzee wenye pensheni ulikuwa umehakikishwa. Lakini siku moja, akiwa katika safari zake za kwenda kazini, Raman aliona kibao mtaa wa Bowbazar kilichoandikwa jina la Jumuiya ya India ya Kuendeleza Sayansi. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1876 na daktari Mahendralal Sircar, aliyetamani Wahindi wawe na mahali pao pa kufanya utafiti bila kutegemea hisani ya wakoloni. Sircar alifariki bila kuiona ndoto hiyo ikitimia. Maabara zilikuwapo, vifaa vilikuwapo, lakini watafiti walikuwa haba.

Raman alibisha hodi, akapokewa kwa furaha. Tangu hapo maisha yake yaligawanyika. Alfajiri alikuwa maabara. Mchana alikuwa ofisini akikagua hesabu za serikali. Jioni alirudi maabara na kukaa mpaka usiku. Alipohamishiwa Rangoon na kisha Nagpur, utafiti ulipungua lakini haukukoma. Mwaka 1911 alirudishwa Calcutta na kuendelea na ratiba ileile.

Katika miaka hiyo alichunguza zaidi elimu ya sauti. Alieleza namna uzi wa fidla unavyotetemeka unaposuguliwa na upinde, kisha akageukia ala za kwao kama vile vina na tambura. Alionesha pia kwamba ngoma za Kihindi, tabla na mridangam, zina tabia isiyopatikana katika ngoma nyingi: kile kipande cheusi kinachopakwa juu ya ngozi huzifanya sauti zake zipangike kwa uwiano kama zile za ala za nyuzi. Mafundi wa kale walilijua jambo hilo kwa masikio yao, naye akalithibitisha kwa vipimo.

Mwaka 1917 ulikuja uamuzi mgumu. Chuo Kikuu cha Calcutta, chini ya uongozi wa Ashutosh Mukherjee, kilimpa nafasi ya uprofesa wa fizikia uliopewa jina la mfadhili Taraknath Palit. Mshahara wake ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na ule wa serikali. Zaidi ya hayo, masharti ya nafasi hiyo yalimtaka profesa awe amepata mafunzo ng'ambo. Raman aliukubali mshahara mdogo lakini akalikataa sharti la kwenda ng'ambo. Chuo kililegeza sharti hilo, naye akaacha kazi ya serikali.

Swali lililozaliwa melini

Safari yake ya kwanza kwenda Ulaya ilikuwa mwaka 1921, alipohudhuria mkutano wa vyuo vikuu vya Himaya ya Uingereza mjini Oxford. Alirejea nyumbani kwa meli iitwayo Narkunda. Ilipokuwa ikikata maji ya Mediterania, Raman alisimama sitahani akiustaajabia ubuluu mzito wa bahari, akajiuliza unatoka wapi.

Jibu lililokuwa likikubalika lilikuwa la Lord Rayleigh, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama hizo. Rayleigh ndiye aliyefafanua kwa nini anga ni ya buluu: molekuli za hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu. Kuhusu bahari, alisema kwamba ubuluu wake si wake. Ni taswira ya anga tu, kama inavyoonekana katika kioo.

Raman alikuwa na kifaa kidogo mfukoni, mche wa kioo cha asili uitwao mche wa Nicol. Mwanga unaoakisiwa na uso wa maji kwa pembe maalumu hutetemeka katika mwelekeo mmoja tu, na mche huo ukizungushwa ipasavyo huuzuia usipite. Aliitazama bahari kupitia mche huo na kuuondoa mng'ao wote wa anga uliokuwa juu ya maji. Kama Rayleigh alikuwa sahihi, ubuluu ungetoweka. Haukutoweka. Bahari ilizidi kuwa ya buluu.

Hivyo rangi ile ilitoka ndani ya maji yenyewe, kwa sababu molekuli za maji nazo hutawanya mwanga. Kabla hata ya kufika nyumbani Calcutta, meli ilipotia nanga Bombay, Raman alikuwa amekwisha kuandika barua kwa jarida la Nature kueleza aliyoyaona. Leo inafahamika pia kwamba maji hunyonya kidogo mwanga mwekundu, na jambo hilo lina sehemu kubwa katika rangi ya bahari. Lakini swali la Raman lilikuwa limefungua mlango: nini hasa hutokea mwanga unapogongana na molekuli za kimiminika?

Miaka saba ya kutazama gizani

Kwa miaka saba iliyofuata, maabara ya Bowbazar ilishughulika na swali hilo karibu peke yake. Wanafunzi walikuja kutoka pembe mbalimbali za India. Mwaka 1923 mmoja wao, K. R. Ramanathan, aliona kwamba mwanga uliotawanywa na vimiminika ulikuwa na kivuli cha rangi nyingine kilicho dhaifu sana. Kwanza walidhani ni uchafu ndani ya kimiminika. Wakakisafisha tena na tena, lakini kivuli kile hakikuondoka. Mwaka 1925 mwanafunzi mwingine, K. S. Krishnan, alikutana na jambo hilohilo. Kisha S. Venkateswaran akaliona katika gliserini iliyosafishwa vizuri, na safari hii lilikuwa dhahiri kiasi cha kutopuuzwa.

Huko nje, mawazo ya fizikia yalikuwa yakibadilika kwa kasi. Mmarekani Arthur Compton alikuwa ameonesha kwamba miale ya eksirei hupoteza sehemu ya nguvu yake inapogonga elektroni, na mwaka 1927 alipata Tuzo ya Nobel. Raman alijiuliza kama mwanga wa kawaida nao ungeweza kupata badiliko la namna hiyo unapogonga molekuli. Adolf Smekal wa Austria alikuwa amekwisha kutabiri kwa hesabu, mwaka 1923, kwamba jambo kama hilo lawezekana. Kilichokosekana ni mtu wa kulionesha.

Mapema Februari 1928, Raman na Krishnan waliingia katika kazi hiyo kwa nguvu zao zote. Chanzo chao cha mwanga kilikuwa jua, lililokusanywa kwa lenzi kubwa ya darubini ili kupata mwale mkali. Mwale huo ulipitishwa katika kichujio kilichoruhusu rangi ya urujuani na buluu pekee, kisha ukaingia katika chupa yenye kimiminika safi. Upande wa mtazamaji kiliwekwa kichujio cha pili, chenye kuzuia rangi zote zilizoruhusiwa na kile cha kwanza. Kwa mantiki ya kawaida, mtazamaji hakutakiwa kuona chochote. Lakini macho yaliyokaa gizani kwa muda mrefu yaliona mwanga hafifu. Walijaribu vimiminika vingi, zaidi ya 60, na vyote vilitoa jibu lilelile.

Tarehe 28 Februari, Raman aliutazama mwanga huo kwa spektroskopu, chombo kinachotenganisha rangi za mwanga. Aliona ule mwanga mpya umejitenga na ule wa awali, na kati yao pana nafasi ya giza. Hakukuwa na shaka tena. Kesho yake habari ilitolewa kwa magazeti. Baadaye walipotumia taa ya mvuke wa zebaki badala ya jua, mistari mipya ilijitokeza wazi, na kila kimiminika kilikuwa na mistari yake, tofauti na ya kingine.

Maana yake ni hii. Sehemu kubwa ya mwanga unaotawanywa hutoka na rangi yake ileile. Lakini takriban chembe moja ya mwanga katika milioni kumi huiachia molekuli sehemu ya nguvu zake, au huchukua nguvu kutoka kwayo, na hivyo hubadilika rangi. Kiasi cha badiliko hilo hutegemea jinsi molekuli inavyotetemeka, na kila aina ya molekuli hutetemeka kwa namna yake. Kwa kuitazama mistari hiyo, mtu anaweza kuitambua dutu iliyomo ndani ya chupa bila hata kuifungua.

Sifa na makovu

Raman hakupoteza muda. Tarehe 16 Machi 1928 alitoa mhadhara mjini Bangalore kuhusu ugunduzi huo, na ndani ya majuma mawili ulikuwa umechapwa katika jarida la fizikia la India alilolianzisha mwenyewe, na nakala zake kutumwa kwa wanasayansi wa nchi mbalimbali. Haraka hiyo ilikuwa na umuhimu. Mjini Moscow, Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam walikuwa wameliona jambo hilohilo katika fuwele, siku chache kabla ya tarehe 28 Februari, lakini walichelewa kuchapisha. Mpaka leo wapo wanaoona kwamba Warusi hao walistahili sehemu ya tuzo.

Mwaka 1929 serikali ya Uingereza ilimpa Raman heshima ya kuitwa Sir. Mwaka uliofuata, miongoni mwa waliompendekeza kwa Tuzo ya Nobel walikuwa Ernest Rutherford na Niels Bohr. Inasimuliwa kwamba alikuwa na imani kubwa ya kushinda hata akakata tiketi za meli, yake na ya mkewe, miezi kadhaa kabla ya matokeo kutangazwa. Desemba 1930 alisimama Stockholm akiwa amevaa kilemba chake. Baadaye alieleza kwamba alipoketi ukumbini alitambua yuko chini ya bendera ya Uingereza, kwa kuwa nchi yake haikuwa na bendera yake, na machozi yakamtoka.

Lipo swali jingine lililobaki. Krishnan alikuwapo katika kila hatua ya Februari ile, na jina lake liko pamoja na la Raman katika barua ya kwanza iliyotumwa kwa Nature. Lakini tuzo ilikwenda kwa mtu mmoja. Raman alimtaja mwanafunzi wake hadharani, hata hivyo uhusiano wao ulipoa kadiri miaka ilivyopita. Krishnan aliendelea na kazi yake kwa utulivu, na mwaka 1947 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Maabara ya Taifa ya Fizikia mjini Delhi.

Bangalore: kujenga na kugombana

Mwaka 1933 Raman alihamia Bangalore kuwa Mhindi wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Sayansi ya India. Mwaka uliofuata alianzisha Akademia ya Sayansi ya India, ambayo majarida yake yaliwapa watafiti wa nchi hiyo mahali pa kuchapisha bila kungoja ridhaa ya Ulaya. Wanazi walipoanza kuwafukuza wanasayansi wa Kiyahudi, Raman aliona nafasi ya kuwaleta India, na Max Born alifika na kufundisha kwa miezi kadhaa.

Lakini Raman hakuwa mtu mwepesi wa kushauriana. Alielekeza fedha nyingi kwenye fizikia, idara nyingine zikalalamika, na baadhi ya walimu walimpinga waziwazi. Uchunguzi uliofanywa kuhusu uongozi wake ulimkosoa vikali. Mwaka 1937 aliacha ukurugenzi, akabaki profesa mpaka mwaka 1948. Miongoni mwa waliofanya kazi katika idara yake ni Homi Bhabha na Vikram Sarabhai, waliokuja kuwa waasisi wa utafiti wa nyuklia na wa anga nchini India.

Kwa wanawake, mlango wake ulikuwa mzito kufunguka. Mwaka 1933 Kamala Sohonie, aliyefaulu vizuri sana katika masomo yake mjini Bombay, aliomba kuingia katika taasisi hiyo na kukataliwa kwa sababu ni mwanamke. Alikwenda kumkabili Raman ana kwa ana na hakukubali kuondoka na jibu hilo. Hatimaye alipokewa kwa majaribio ya mwaka mmoja, kwa masharti ambayo wanaume hawakuwekewa. Kazi yake ilimridhisha mkurugenzi, na milango ikaanza kufunguka kwa wengine. Mwaka 1939 Sohonie alipata shahada ya uzamivu Cambridge. Mwingine, Anna Mani, alichunguza mwanga wa almasi na yakuti katika maabara ya Raman, kisha akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa hali ya hewa nchini India.

Mawe, maua na siku za mwisho

Baada ya kustaafu, Raman aliingia katika taasisi aliyoijenga mwenyewe mjini Bangalore, inayoitwa leo Taasisi ya Utafiti ya Raman. Hakupenda fedha za serikali, akiamini kwamba anayepokea fedha hizo hupokea pia maagizo. Aliyazungukia mawe ya thamani, makombe ya bahari, mabawa ya ndege na maua, akichunguza rangi zake. Alikusanya almasi nyingi na kubishana na wataalamu wa Ulaya kuhusu muundo wake. Katika baadhi ya mabishano hayo, historia haikuwa upande wake. Mwaka 1954 alitunukiwa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya India huru. Kila mwaka, katika siku ya kumkumbuka Mahatma Gandhi, alitoa mhadhara wa wazi, naye alifanya hivyo hata Oktoba 1970.

Majuma machache baadaye alianguka akiwa kazini. Alipopata nafuu kidogo alikataa kufia hospitalini na kuomba arudishwe kwenye taasisi yake, katikati ya miti aliyoipanda. Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 82. Mwili wake ulichomwa katika bustani ya taasisi, na mahali hapo hapakujengwa mnara. Ulipandwa mti.

Katika miaka yake ya mwisho, ugunduzi wake ulikuwa umeanza maisha mapya. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960, na mwanga wake mkali ulifanya ile mistari hafifu ya Bowbazar ionekane kwa urahisi. Leo vifaa vinavyotumia mtawanyiko wa Raman hutambua dawa bandia bila kufungua pakiti, huchunguza rangi za michoro ya kale bila kuikwaruza, na huwasaidia askari wa forodha kutambua unga wasioujua. Tangu mwaka 2021 vifaa vya aina hiyo vimo pia katika gari la utafiti la Marekani linalotembea juu ya sayari ya Mars, vikisoma mawe kwa njia ileile iliyothibitishwa kwa lenzi, vichujio na chupa ya kimiminika katika mtaa wa Calcutta.